Orodha yangu ya IP za kuzuia: nilipofikia mpaka saizi

Naandika hii maana nikiacha wiki mbili zipite nitasahau nilifanya nini na kwa sababu gani, na kwenye kazi hii ya kufungia IP (namba za anwani za vifaa kwenye intaneti) hiyo sababu ndo kila kitu, mtaona huko chini.

Nina seva ndogo ya kukodi, Linux, ramu gigabaiti moja tu. Juu yake kuna albamu ya picha za familia na ukurasa wa kwaya yetu, ratiba za mazoezi na michango. Si kitu kikubwa ila humo kuna picha za marehemu babu ambazo hazipo popote pengine, kwa hiyo naichunga kweli.

Ijumaa usiku
Nimefungua auth.log leo, faili linaloandika kila anayejaribu kuingia kwenye seva, nikakaa nayo kama saa nzima. Mstari baada ya mstari paswedi imekataliwa, kwa majina ya root, admin, ubuntu, oracle, test, kuna mmoja kajaribu hadi jina la pi akidhani labda ni kile kikompyuta cha Raspberry. Hakuna mtu aliyekaa mahali anachapa hayo, ni maroboti yanapita kwenye anwani zote za IPv4 (zile za aina ya zamani), jumla kama bilioni 4.3, yanagonga mlango namba 22, wa kuingilia seva toka mbali, kwa kila mmoja, na mimi nimo tu kwenye njia yao. Paswedi nilishazima zamani, naingia kwa funguo, kwa hiyo hawaingii, lakini logi inajaa takataka mpaka siku kukiwa na jambo la kweli sitaliona.

Nina fail2ban tayari, programu inayofungia anwani inayokosea mara nyingi. Kwa mipangilio yake ya kawaida ukikosea mara 5 ndani ya dakika 10 unafungiwa dakika 10. Shida ni kwamba hawa wa siku hizi wana subira, anwani moja inajaribu mara mbili inaondoka, inakuja jirani yake inajaribu mara mbili, afu jirani mwingine, hakuna anayefika tano. Hapo ndo nikasema natengeneza orodha yangu mwenyewe.

Jumamosi
Nimetumia ipset, inayofanya kazi pamoja na iptables, faiwoli ya Linux, yaani mlinzi anayeamua nani aingie. Ukiandika kila anwani kama sheria yake kwenye iptables, kila pakiti (kifurushi cha data) inayoingia inasomewa sheria moja moja toka juu mpaka chini, ukiwa na elfu kumi seva inachoka bure. Ipset inaweka anwani zote kwenye kapu moja, iptables inauliza mara moja tu, huyu yumo au hayumo? Jibu linakuja hapo hapo hata kapu likiwa limejaa. Angalizo, kapu la aina ya hash:net (linalobeba mitaa ya anwani) lisipoambiwa kitu linabeba 65,536, ukitaka zaidi unasema wakati wa kuliunda.

Na muwe makini sana na ile namba baada ya mkwaju, inayosema unafungia anwani ngapi kwa mpigo. /32 ni anwani moja, /24 ni 256, /16 ni 65,536. Ukikosea tarakimu hapo umefungia mtaa mzima badala ya nyumba moja.

Jumapili
Siku ndefu. Kwanza orodha ilikataa kuingia, inaniambia kosa mstari wa kwanza, naangalia mstari wa kwanza uko sawa kabisa, 203.0.113.7 (hizi za 203.0.113 zimetengwa kwa ajili ya mifano, za kweli sizianiki hapa), nafuta naandika upya bado inakataa. Kumbe faili nililiandalia kwenye laptop ya Windows, na Windows inamaliza mstari kwa alama mbili pale Linux inapoweka moja. Nimepiga cat -A nikaiona ^M imekaa mwisho wa kila mstari. Kuisafisha ni sekunde moja, kuitafuta asubuhi nzima.

Mchana nikaongeza orodha ya bure niliyoshusha, nikaiwasha, ikafanya kazi vizuri, nikafunga terminali nikala. Kurudi siingii. Mimi naingia kupitia handaki la WireGuard (njia ya siri kati yangu na seva), upande wangu ni anwani ya 10 kitu kitu, na ile orodha ndani yake ilikuwa na 10.0.0.0/8 nzima, na 192.168.0.0/16, na nyingine za ndani. Mwanzoni sikuhisi chochote kwa sababu sheria yangu ya juu inaruhusu maongezi yaliyokwisha kuanza yaendelee, nilipofunga terminali ndo nikafunga na mlango. Nimerudi kwa konsoli ya dharura ya wenye seva.

Orodha yenyewe haikuwa na kosa, pakiti inayotoka nje kwenye intaneti ikidai inatoka 10.0.0.0 ni ya kutupa kweli. Kosa ni kuiweka bila kusema inahusu njia ipi ya mtandao. Sasa sheria inataja eth0 tu, njia ya kwenda intaneti, handaki haliguswi. Na juu ya orodha ya kuzuia kuna orodha ya kuruhusu, inasomwa kwanza, na kila nikibadilisha kitu naacha skripti inayolala dakika tano afu inarudisha faiwoli ya zamani kama sijaisimamisha.

Jumatano
Seva imewashwa upya na wenyewe kwa matengenezo. Nimeingia kuangalia, iptables tupu! Kapu la ipset linakaa kwenye ramu, likizimwa limepotea, na iptables ikiamka ikakuta sheria inataja kapu ambalo halipo inakataa faili zima, si ule mstari tu, jedwali zima. Yaani nilikuwa wazi karibu siku nzima. Nimepanga upya, kapu linajazwa kwanza ndo faiwoli inafuata. Kama mna kitu kama changu hebu iwasheni upya wenyewe mkiwa macho muone inaamkaje.

Jumamosi nyingine
Mdogo wangu kapiga toka Mwanza.

"Shikamoo kaka."
"Marahaba, vipi huko?"
"Huku salama, ila picha za harusi hazifunguki, zinazunguka tuu. Kwa wifi yangu mbona zinafunguka, yeye yuko kwenye waifai."

Zinazunguka. Hapo moyo ukashtuka, maana DROP, amri ya faiwoli niliyowawekea waliofungiwa, ndo inavyofanya, inatupa pakiti kimya kimya na simu inabaki inasubiri jibu lisilokuja. Nikamwambia atafute ukurasa unaoonyesha IP yake anisomee, akanisomea tarakimu moja moja, nikatafuta kwenye faili, imo, ndani ya /24 niliyoiweka mwenyewe kwa mkono. Na pembeni yake hakuna neno hata moja la kusema kwa nini.

Anwani za IPv4 hazitoshi, kwa hiyo mitandao ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, ndani wanapewa zile za 100.64.0.0/10 zilizotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Simu moja yenye kirusi ikigonga mlango wangu, nikiifungia nimefungia na wote walio nyuma yake, mama anayetafuta ratiba ya kwaya na mdogo wangu wakiwemo. Kwetu huku ambako wengi wetu tunaingia kwa simu hii siyo jambo la pembeni.

Kwa hiyo nimegawa makapu mawili. Kapu kubwa linalinda mlango 22 tu, huko hakuna mgeni mwenye shughuli zaidi yangu, likae hata mwaka. Mlango 443 wa picha una kapu lake dogo lenye timeout, sekunde 86,400, siku moja afu anwani inatoka yenyewe. Yote nimeyaunda upya yakiwa na comment, maelezo pembeni ya kila anwani, na skripti yangu inakataa mstari wowote usio na tarehe na sababu. Nilipitia mia tatu na kitu nilizoziweka kwa mkono, ambazo sikukumbuka zilifanya nini nimezitoa. Orodha ya kushusha inajazwa kwenye kapu la pembeni halafu ipset swap inabadilisha mara moja, hakuna dakika hata moja ya kukaa wazi.

Mdogo wangu kanitumia ujumbe usiku, zimefunguka, na keshazisambaza kwa shangazi wote.

Kilichobaki ni IPv6, anwani za aina mpya. Seva inayo na makapu yangu yote ni ya IPv4 peke yake, kwa hiyo upande ule hakuna mlinzi. Inahitaji kapu lake la inet6, na kule kufungia anwani moja moja ni kazi bure maana mtu mmoja anapewa /64 nzima, mtaa mkubwa kupindukia wa anwani, anabadilisha anavyotaka. Kesho naanza na hilo.