Siku feni iliponyamaza

Mei 2022 kaka yangu alikuja likizo kutoka Hamburg, na katikati ya sabuni na chokoleti za Mama kulikuwa na Steam Deck, mashine ya magemu ya kushika mkononi. Aliinunua mwenyewe, akaona kazi haimpi nafasi ya kuicheza, akaniletea mimi. Ni ile ya GB 64, iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote wakati huo, na kadi ya kumbukumbu alishanijazia magemu hukohuko kwa sababu anajua bando linavyouma hapa Tanga. Ya kwanza kufungua ilikuwa Alien: Isolation.

Kwa asiyeijua: ilitoka Oktoba 2014. Wewe ni Amanda Ripley, mwaka ni 2137, umekwama kwenye kituo cha angani kiitwacho Sevastopol, na humo ndani mna zimwi. Risasi haziliui. Unachoweza ni kujificha, kunyata na kusikiliza.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linakula likakwisha, na kadiri linavyokujua ndivyo linavyokuwa baya zaidi. Waliolitengeneza walilipatia akili mbili. Moja iko juu ya kila kitu, inajua ulipo muda wote, na kazi yake ni kulidokeza zimwi lielekee upande gani, na kuliondoa kidogo likishakubana sana. Ya pili ni ya zimwi lenyewe, na hiyo haijui ulipo. Inabidi likutafute kwa macho na masikio. Juu ya hapo, baadhi ya tabia zake zimefungwa mwanzoni, zinafunguka taratibu unavyosonga mbele. Kwa hiyo mchezo mzima ni masikio mawili yanasikilizana gizani, ya kwako na ya kwake. Ukisikia kishindo kwenye bomba la hewa juu ya dari, unajua liko hapo. Kishindo kikikoma, ndipo roho inapokuruka, maana limeshuka.

Sasa nicheze hayo kwenye chumba ninacholala na mdogo wangu, feni ya mashine inavuma sikioni kama nyuki kwenye debe. Hedifoni zangu ni za bei ndogo, hazizuii sauti ya nje. Mlio ulikuwa mwembamba, wa juu, haukatiki, na ulikaa palepale ambapo sauti za bombani zilipaswa kukaa. Usiku mmoja nimejibanza kwenye kabati la chuma, nimebana pumzi pamoja na Amanda, mdogo wangu akageuka kitandani: "Dada, zima hicho kifeni basi." Hofu yote ikanitoka.

Nilimwambia kaka kwenye simu. Akaniuliza kama nimesasisha mashine. Sikuwa nimesasisha, na nilimjibu kwa uchungu kabisa kwamba gemu ni ya 2014, isasishwe nini tena, na bando langu ni la WhatsApp na masomo. Akanituliza: siyo gemu, ni mfumo wa mashine yenyewe. Nikanunua bando la usiku, nikaiacha inashusha, nikalala.

Asubuhi mfumo wa mashine ulikuwa SteamOS 3.2. Mambo mawili ndani ya sasisho hilo yalibadilisha kila kitu kwangu, na hakuna hata moja lililogusa gemu.

La kwanza ni feni. Kuanzia hapo mfumo wa uendeshaji wenyewe ndio uliochukua usukani wa feni, ili iende polepole mashine inapokuwa haina kazi nzito. Gemu ya zamani kama hii haiichoshi mashine. Usiku ule niliingia tena kwenye lile kabati, na kwa mara ya kwanza nikasikia mate. Mate ya zimwi yanadondoka sakafuni, nje ya mlango wa kabati, tone, kimya, tone. Yalikuwepo tangu 2014. Mimi ndiye nilikuwa siyasikii.

La pili ni skrini. Kabla ya hapo ilikuwa inajichora upya mara 60 kwa sekunde basi, na ukitaka kuokoa betri unashusha gemu hadi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde. Sasisho likaruhusu kuishusha skrini yenyewe hadi 40. Utadhani ni nyongeza ya kumi tu. Lakini kwa fremu 30 kila picha inakaa milisekunde 33, kwa 60 inakaa karibu 17, na kwa 40 inakaa 25, yaani katikati kabisa. Shingo ya Amanda ikaacha kugeuka kwa kukwamakwama, na betri haikuisha haraka kama ilivyokuwa kwenye 60. Umeme ukikatika saa tatu usiku, kitu cha kawaida tu huku kwetu, hilo ni jambo kubwa sana.

Siku hizi namwelewa mtu anayesoma maelezo ya sasisho mstari kwa mstari. Kuna gemu nyingine ya mazimwi hayahaya, ya 2013, iliyosemwa vibaya kwa sababu mazimwi yake yalikuwa mazubaifu. Miaka baadaye ikagundulika kwamba kwenye faili moja ya mipangilio neno "tether" liliandikwa "teather". Ukiitoa hiyo a, mazimwi yanaanza kukuzunguka kwa akili. Herufi moja!

Isolation nayo ilipata sasisho lake la bure mwaka 2015, likaongeza kiwango kiitwacho Nightmare. Huko ramani hamna, na kile kifaa cha kunasa mwendo ni kibovu, kinakudanganya. Zamani nisingethubutu, maana bila kifaa na bila masikio ungebaki na nini? Sasa ndiko niliko, hospitali ya San Cristobal ndani ya Sevastopol, wiki ya pili. Kuhifadhi mchezo unachomeka kadi kwenye kisanduku cha ukutani na kusubiri taa tatu ziwake moja baada ya nyingine, umelipa giza mgongo. Jana taa mbili zilishawaka. Feni kimya, nyumba kimya, mdogo wangu amelala. Nyuma yangu, tone.

Sikugeuka. Nilikuwa naisubiri taa ya tatu.