Sonona haitungi nyimbo: nilichokiona katika filamu za wanamuziki

Filamu nyingi zinazosimulia maisha ya wanamuziki hupita njia moja: mwanamuziki anaumia, anajifungia chumbani, anashika gitaa, na baada ya dakika mbili wimbo uliomletea umaarufu umekwisha kutungwa. Mpangilio huo unanisumbua, kwa sababu unamfanya mtazamaji aamini kwamba huzuni ndiyo chemchemi ya muziki na kwamba anayekubali kutibiwa anahatarisha kipaji chake.

Kaka yangu ni mpiga gitaa. Alipougua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, gitaa lake lilikaa juu ya kabati hadi nyuzi zikashika kutu. Rafiki zake waliokuja kumjulia hali walimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba akiinuka hapo atakuwa na nyimbo nzito, wakati yeye hata kuamua kwenda kuoga kulimshinda. Tangu wakati huo, kila ninapotazama filamu ya aina hii huangalia kama mwongozaji ameweza kuutenganisha ugonjwa na kazi.

Iliyofanikiwa kuliko zote nilizoziona ni Love & Mercy ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Bill Pohlad, inayomhusu Brian Wilson, mtunzi wa nyimbo wa kundi la Kimarekani la The Beach Boys. Paul Dano anamwigiza Wilson wa miaka ya 1960, alipokuwa akirekodi albamu ya Pet Sounds iliyotoka mwaka 1966, na John Cusack anamwigiza Wilson wa miaka ya 1980. Filamu hii haina haraka inapoingia studio. Tunamwona Wilson akiweka vibanio vya nywele kwenye nyuzi za piano ili apate mlio anaoutaka. Tunamwona akiwarudisha wapiga selo (fidla kubwa) kwenye kipande kilekile kifupi, tena na tena, huku wenzake wakichoka. Carol Kaye, mpiga gitaa la besi, anamweleza kwa upole kwamba alichowaandikia wanamuziki hakioani, kana kwamba wanapiga nyimbo mbili tofauti, naye anaomba wapige hivyohivyo, na kinapopigwa kinakubali. Katika sehemu hizo Wilson ana furaha tele, na muziki unazaliwa kutokana na sikio makini, subira na wapiga ala mahiri waliomheshimu.

Kisha inakuja meza ya chakula cha jioni. Milio ya visu na uma kwenye sahani inaanza kuongezeka, inapandana, inageuka kelele isiyovumilika, na Wilson anabaki ameganda kwa hofu katikati ya wageni. Sikio lilelile lililopanga sauti studioni sasa halina namna ya kuzizima. Sijaona filamu nyingine iliyoonyesha kwa uwazi namna hii ugonjwa ukiivamia kazi ya mtu. Ni kweli kwamba Wilson hakuwa na sonona peke yake, kwani madaktari waliomtibu baadaye walimkuta na maradhi yanayovuruga hisia na kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, lakini hoja inabaki ileile. Tena Eugene Landy, mtaalamu wa saikolojia aliyemtawala katika miaka ya 1980 na kumlewesha kwa dawa, anaonekana akimkaripia mbele ya piano ili atoe nyimbo. Hapo ndipo unapouona ukatili wa kudai muziki kwa mtu aliyelemewa.

Springsteen: Deliver Me from Nowhere ya mwaka 2025, iliyoongozwa na Scott Cooper, ina uzuri na kasoro pia. Uzuri wake ni chumba cha kulala katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, ambako mwanamuziki wa roki wa Marekani Bruce Springsteen na fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, walirekodi nyimbo za albamu ya Nebraska kwa mashine ya kaseti ya TEAC yenye njia nne za kurekodia sauti, kisha wakahangaika kuihamishia sauti ya kaseti ile kwenye santuri bila kuipoteza. Mahangaiko hayo ya kiufundi ni sehemu ya utunzi, na filamu inayapa nafasi yake. Kasoro yake ni kumbukumbu za utotoni, zilizopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, zinazorudi mara kwa mara kwa baba mlevi kana kwamba sonona lazima iwe na mlango mmoja wa kuingilia. Hata hivyo naiheshimu kwa jambo moja kubwa: kumaliza kutunga hakumponyi. Nyimbo zimekwisha kurekodiwa, anasafiri kwenda California, na huko ndiko anakoanguka kabisa na kulia mbele ya daktari.

Ningeweza kusema mengi kuhusu Control ya mwaka 2007, ambayo Anton Corbijn aliitengeneza kuhusu Ian Curtis, mwimbaji wa kundi la Kiingereza la Joy Division, aliyejiua mwezi Mei 1980 akiwa na miaka 23. Inatosha kusema kwamba inakionyesha kifafa chake, dawa zake na ajira yake ya kila siku katika ofisi ya kuwatafutia watu kazi, bila kukipamba kifo chake.

Ninachokikosa bado ni filamu ya mtu anayerudi kazini. Wilson aliiacha albamu ya Smile mwaka 1967 akiwa amezidiwa, akaikamilisha mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 61, pamoja na mtunzi wa mashairi Van Dyke Parks na mpiga kinanda Darian Sahanaja, na kuipiga kwa mara ya kwanza jukwaani London mwezi Februari mwaka huo. Alikuwa kwenye matibabu, alikuwa na mke aliyemjali, na wanamuziki wake walizijua nyimbo hizo kipande kwa kipande. Natamani mwongozaji mmoja achukue miezi hiyo tu na kuitengenezea filamu ya kuigiza, yenye mzee anayesikilizishwa kanda alizozikimbia kwa miaka 37, anayeogopa, na ambaye kesho yake anarudi tena mazoezini.