Sound sio sauti tu

Juzi mpwa wangu, yuko form two, kaniletea daftari la Kingereza nimsahihishie, walipewa hadithi waitafsiri, sasa kufika mwisho wasafiri wamepambana na dhoruba wee na dogo kaandika wakafika "salama na sauti". Nikamuuliza sauti ya nani, akasema anko si imeandikwa safe and sound.

Tulikaa karibu saa nzima maana hili neno nalipenda mno. Nikamwambia hiyo sound haina undugu na sauti kabisa, inatokana na gesund ya Kingereza cha kale, maana yake mzima, na Wajerumani wanalo mpaka leo, mtu akipiga chafya wanamwambia Gesundheit kama sisi tunavyosema afya. Ndo maana kuna sound mind, akili timamu, na sound asleep, yani kalala fofofo. Na safe and sound yenyewe sisi tunayo tamu kuliko yao: salama salimini. Dogo akafuta, akaandika upya.

Ile ya sauti imetoka Kilatini, sonus, ikapitia Kifaransa, tena zamani waliandika soun, d ikaja kubandikwa baadaye. Kuna na sound ya mlango au mkono wa bahari, kama Puget Sound kule Seattle, hiyo asili yake Skandinavia. Ya nne ni kupima kina cha maji, na hapo nilifurahi kweli maana sisi watu wa pwani tuna neno letu, bildi. Babu alikuwa nayo, kipande cha madini ya risasi kwenye kamba yenye mafundo, anakitumbukiza taratibu huku mafundo yanampita vidoleni, pima mbili, pima tatu, mpaka kamba ilegee.

Kinachoniuma ni kwamba hata pale sound ikiwa ni sauti kweli, watu wanaandika sauti kila mahali. Sauti ya radi! Radi ina ngurumo jamani, ngoma ina mdundo, majani makavu yana mchakacho, simu ina mlio, gunia likidondoka hicho ni kishindo.

Dogo akauliza, na mvua kwenye bati je? Nikabaki nawaza, mama yake ndo akajibu toka jikoni: ikianza ni ta, ta, ta, ikishakolea ni mvumo.

Akaandika na hiyo.