Ujira wa kibarua na unga wa msaada: namna ya kupima

Ukifika Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, kupima kama msaada wa chakula unagusa ujira, na kuuliza tu "kibarua cha siku ni shilingi ngapi?", umeshapotea. Palizi hulipwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba kilichopimwa, na wengine huchukua mahindi badala ya fedha. Kwa hiyo pima ngwe yenyewe, uliza saa zilizotumika, kisha weka kopo la mahindi kwenye mizani (makopo ya kulipia yana tabia ya kubonyea) na ulithamini kwa bei ya gulio la wiki hiyohiyo. Bei ya Machi si ya Julai.

Msimu mmoja hautoshi. Oktoba hadi Desemba korosho zinaokotwa, fedha ipo. Januari hadi Machi ghala tupu: mtu anaacha palizi yake akalime kwa mwingine apate cha kupika jioni. Hapo ndipo msaada unapogusa ujira, maana mwenye unga ndani hakubali ngwe kwa bei ya kutupa. Mahindi ya msaada yakiletwa baada ya mavuno huangusha bei ya mkulima, na mimi naona huo ni uzembe wa ratiba tu. Ajira za muda za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) nazo ziulizie tarehe, si malipo peke yake.