Briggs & Stratton ya zamani isiyotoa moto

Jamani, kama una mashine ya kukata nyasi yenye injini ya Briggs & Stratton ya miaka ya 1970 na plagi haitoi moto, usikimbilie kununua koili (inayotengeneza umeme wa plagi). Mara nyingi koili ni nzima. Chomoa waya wa plagi, fungua flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na shafti ya injini), tazama kontakti pointi (vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana) zilizo chini yake: zikikaa sana stoo hufanya utando unaozuia umeme. Zipitishe msasa laini, kisha futa kwa karatasi safi yenye thina, maana hata alama ya kidole chenye mafuta inatosha kukata moto. Mwanya wake uwe milimita 0.5 zikiwa zimeachana kabisa. Koili iachane na sumaku ya flaiwili kwa takriban milimita 0.25, na mwanya wa plagi uwe milimita 0.75.

Kabla ya kurudisha flaiwili, kagua kii ya alumini (kipande kidogo kinachoshika flaiwili kwenye shafti). Ikikatika hata kidogo tu, moto unawaka wakati usio wake na kamba inakurudisha mkono kwa nguvu. Weka mpya ya alumini, KAMWE usiweke ya chuma. Ukiweka ya chuma, blade ikigonga jiwe, itakayopasuka ni flaiwili au shafti.

Petroli ya zamani mwageni yote, inaganda kwenye kabureta.