Miezi miwili nilivuka na pantoni kwenda kazini na kazi yenyewe sina

Nianze na aibu yenyewe tusizungushane. Mwaka juzi kampuni niliyoifanyia uhasibu miaka 14 ilipunguza watu na mi nikawemo. Barua nimepewa Ijumaa mchana, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nimeshapiga pasi shati, nimebeba begi la laptopu (laptopu walibaki nayo wenyewe, ndani mlikuwa na gazeti na mwamvuli), nikamuaga mama watoto nikaenda zangu Feri, pale pantoni za Dar zinapoanzia. Nikavuka mpaka Kigamboni, nikakaa kwa mama ntilie mmoja nikanywa chai ya rangi, nikarudi upande wa mjini, nikavuka tena. 200 kwenda, 200 kurudi. Jioni naingia nyumbani nimechoka kama watu wengine.

Miezi miwili hiyo.

Sikupanga kudanganya jamani, kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Halafu kifua kikaanza kubana usiku, nikajua basi ni moyo, nikaenda hospitali wakanipima wee, moyo mzima. Daktari akaniangalia akauliza, "Baba, kuna kitu kimebadilika kwako hivi karibuni?" Nikasema hapana. Akaandika kikaratasi, chumba fulani, nenda kwa mwanasaikolojia. Nilikasirika! Mi kichaa?

Kochi la kwenye muvi sikulikuta, nilikuta viti viwili vya plastiki, feni inapiga kelele, na mama mmoja wa makamo ananiita kaka. Nikakaa nikasubiri anishauri, maana ndo nilichozoea, baba mkubwa atakwambia vumilia, mchungaji au shehe atakwambia muombe Mungu, washkaji watakwambia fungua biashara ya kuku. Yeye hakushauri kitu. Aliniuliza tu, "Ukiamka saa kumi na moja, unaamka uende wapi?" Nikaanza kumueleza habari za pantoni kama mzaha hivi, katikati nikajikuta nalia, na kilichoniliza si mshahara, ni kikombe changu cha ofisini, nilikisahau juu ya jokofu la jikoni na yule dada wa chai alikuwa anajua sukari yangu bila kuuliza.

Siku ya pili akanipa karatasi. Ni orodha waliyoitengeneza madaktari wawili wa Marekani, Holmes na Rahe, mwaka 1967, matukio 43 ya maisha na kila moja lina pointi kulingana na linavyomtikisa mtu. Kufiwa na mwenza 100, talaka 73, kustaafu 45. Mhasibu ukimpa namba ushamaliza kazi, nikachomoa kalamu: kufukuzwa au kupunguzwa kazi 47, kufiwa na ndugu wa karibu 63 (baba tulimzika Muheza miezi mitano kabla ya ile barua), hali ya pesa kubadilika 38, kuhama nyumba 20. Jumla 168. Ndo nikaona kumbe mi nilikuwa nahesabu kazi peke yake, mzee wangu sikumuweka kabisa kwenye vitabu, nilirudi kutoka msibani Jumapili na Jumatatu nikafunga hesabu za mwezi. Mama yule akanikumbusha kwamba ile si hukumu, mwingine ana pointi kibao na anadunda tu. Ila kuoa ni 50, yaani kumezidi kupoteza kazi, na hata Krismasi ina 12 zake.

Kilichonikaa mpaka leo ni hiki. Mi nimepita jando kijijini, tulikuwa na kungwi, alitukalisha siku kadhaa akatuambia hapa mnatoka huku mnaingia kule, mtaumia hapa na mtapona hivi. Dada zangu walipoolewa walikuwa na somo zao, wale wamama wa kuwafunda. Mama yangu alipofiwa alikaa eda miezi minne na siku kumi, na kila mtu pale mtaani alijua huyu yupo katikati, msimsumbue. Sasa niambie kungwi wa mtu aliyepunguzwa kazi ana miaka 46 ni nani? Hamna. Unapewa barua, unasaini, mlinzi anakufungulia geti. Zimbabwe wameliona hili zamani, daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani Harare namna ya kumsikiliza mtu kwenye benchi nje ya kliniki, na mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Kishona wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo", halafu tunampita.

Kazi ya nyumbani ilikuwa ndogo ndogo, kuandika siku yangu saa kwa saa, kila siku niweke kitu kimoja chenye maana, hata kufuatilia lile fao la kukosa ajira tu, na wiki ya tatu nimwambie mke wangu. Sentensi tuliifanyia mazoezi mle ndani kama watoto wa maigizo. Nikafika nyumbani, nikamkalisha, nikasema mama, kazi iliisha. Akaendelea kuchambua mchele. "Najua. Mhasibu gani anarudi kila siku shati linanuka samaki?"

Alijua tangu wiki ya pili! Soko la samaki la Feri lile. Alikuwa ananisubiri mimi. Tulinuniana siku nne hivi, si kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya kumuacha peke yake na siri yangu, na sesheni iliyofuata tulikwenda wote, nikaambiwa vizuri tu.

Nilienda mara nane jumla. Kazi kama ile sijapata, sa hivi nashika vitabu vya maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, mawili yapo Kigamboni kwa hiyo pantoni bado napanda. Juzi nimepita kwa yule mama ntilie nina haraka, akanishangaa na chai yake mkononi, "Kaka, leo hukai?"