Shingo Kabla ya Uso

Sanamu ninayoifikiria kuliko zote imekosa mtu mmoja, na kukosekana kwake ndiko kunakoisemesha. Ni kazi ya Käthe Kollwitz, msanii wa Kijerumani ambaye mwanawe, Peter, aliuawa vitani nchini Ubelgiji Oktoba 1914 akiwa na miaka 18. Mwaka ule haujaisha, mama alishaanza kupanga ukumbusho. Katika wazo la kwanza kijana alikuwemo: amelala amenyooka, baba kichwani pake, mama miguuni. Akaifanya, akaiacha, akairudia baada ya miaka. Iliyokuja kuwekwa makaburini mwaka 1932 ina watu wawili tu, baba na mama, wamepiga magoti, kila mmoja na jiwe lake. Baba amejikumbatia mwenyewe, mgongo umesimama wima. Mama ameinama. Hawagusani. Kijana hayumo.

Itazame kwa jicho la fundi. Wangebaki watatu, macho ya mtazamaji yangekimbilia kwa marehemu na wazazi wangekuwa wasindikizaji. Alipotolewa, mahali pake pakachukuliwa na makaburi yenyewe yaliyo mbele yao, na la Peter limo. Halafu kuna lile pengo kati ya mawe mawili. Ingekuwa rahisi kuwachonga wameshikana mikono, na watu wangefarijika. Kollwitz hakutaka. Waliowahi kufiwa na mtoto wanajua kwamba msiba huo unaweza kuwatenga hata watu wanaolala kitanda kimoja.

Nachonga mti, na swali ninalokutana nalo sana ni "umeweka ujumbe gani humu?" Nalipenda swali hilo kwa sababu anayeuliza amesimama na kuangalia. Ila jibu langu huwa refu, maana sijawahi kuuona ujumbe ukiingia kwenye gogo mara moja. Unaingia kupitia mambo ya kushikika: sanamu iwe na kimo gani, pengo libaki wapi, mkono uangukie pajani au kifuani, alama za patasi ziachwe au zisuguliwe. Ukikosea hayo, jina zuri chini ya sanamu halikuokoi.

Chukua suala la kimo. Mji wa Calais, Ufaransa, ulimpa mchongaji Auguste Rodin kazi ya kumkumbuka mzee wa mji aliyejitoa mwaka 1347, mfalme wa Uingereza alipouzingira mji na kutaka wakazi sita wenye heshima wajikabidhi kwake. Walitegemea shujaa mmoja. Rodin akawafanyia wote sita, kamba shingoni, miguu na mikono mizito, kila mmoja akitazama upande wake. Mmoja ameshika kichwa. Mwingine amebeba ufunguo na kukaza taya. Rodin alitaka wawekwe chini kabisa, usawa wa wapita njia, ili mtu apite katikati ya hofu yao. Mwaka 1895 sanamu ilipozinduliwa, wakubwa wa mji waliipandisha juu ya msingi mrefu. Ilishushwa mwaka 1924, Rodin akiwa ameshafariki. Shaba ni ileile na nyuso ni zilezile, lakini kwangu hizo ni sanamu mbili tofauti. Ukimtazama kutoka chini, yule mzee ni shujaa wa kupigiwa makofi. Ukiwa naye bega kwa bega, ni mtu anayekwenda kufa na hajui kama ataweza kutembea mpaka mwisho.

Kazi niliyonayo mkononi sasa ni ya mama mmoja aliyefariki, na walionipa ni watoto wake. Waliniletea picha ya studio: anatazama kamera, mabega yamekazwa, midomo imefungwa. Nilipata kwake umbo la masikio na upana wa taya, basi. Nikawaomba waniambie alikuwa anakaaje akiwasikiliza. Binti mkubwa hakusema neno. Aligeuza kichwa kidogo kushoto, akashusha kidevu, akatanguliza sikio la kulia. Wenzake wakapiga kelele, "Huyo huyo!" Mmoja akacheka mpaka machozi yakageuka kuwa ya kweli.

Ndiyo sababu nimeanza na shingo. Kichwa kikigeuka kushoto, msuli wa upande wa kulia husimama, ule unaotoka nyuma ya sikio na kuteremka mpaka kwenye kidari na ncha ya mtulinga, pale chini ya koo. Kwa kijana unafichwa na nyama. Kwa mzee unajitokeza wazi, ngozi inalegea pembeni yake, na juu ya mfupa kunakuwa na shimo dogo linaloweza kukaa kidole gumba. Nimelitoa kwa patasi yenye mdomo wa mviringo, kidogo kidogo, kwa sababu nyuzi za mti zinapanda wima na msuli unakata mshazari. Ukilazimisha, unang'oka ubavu mzima wa shingo. Binti alipokuja kuangalia, uso ulikuwa bado bapa, hauna jicho wala pua. Alizunguka akasimama upande wa sikio la kulia, akaanza kunisimulia mambo ya mama yake akiwa hapo hapo.

Kaka yao anataka tabasamu, tena meno yaonekane. Namwelewa, anamkumbuka akicheka. Lakini tabasamu la binadamu linakuja na kuondoka, na uzuri wake uko kwenye kuondoka huko. Kwenye mti halina pa kwenda. Linaganda pale mwaka mzima, usiku na mchana, na baada ya muda linatisha. Kusikiliza kunavumilia. Mtu anaweza kusikiliza miaka mia na ukaendelea kumwamini.

Kuna wakati maana inakuwa tayari imo kwenye malighafi, na fundi anachotakiwa ni kutoifuta. Msumbiji, baada ya vita, ulianzishwa mwaka 1995 mpango wa kanisa wa watu kurudisha silaha na kupewa vifaa vya kazi, majembe na cherehani. Wasanii wakapewa silaha zilizokatwakatwa. Mmoja wao, Kester, aliunda kiti cha enzi mwaka 2001, sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Angalia juu ya egemeo lake, kwenye vitako vya bunduki: matundu ya skrubu yamekaa kama macho, na alama iliyo chini yake kama mdomo. Ni nyuso mbili zinazocheka. Kester hakuzichonga, alizikuta. Sifa yake ni kwamba aliziona, akazielekeza kwetu.

Na kuna Michelangelo, mchongaji wa Italia, aliyeendelea kugonga marumaru ya ile Pietà Rondanini, sanamu ya Maria akiwa na mwili wa Yesu, iliyopo Milano, mpaka siku chache kabla ya kufa Februari 1564, akiwa na miaka 88. Miguu ya Yesu imesuguliwa mpaka inang'aa. Juu, yeye na mama yake ni jiwe lenye makovu ya patasi, wamekondeshwa mpaka wanakaribia kuwa mwili mmoja. Pembeni, kushoto kwako unayetazama, umening'inia mkono mzima wa sanamu ya awali aliyoibadilisha, mzuri, uliokamilika, hauna mwenyewe. Kila nikiuona kwenye picha nasimama.

Mama huyu ninayemchonga alifua nguo za watu karibu maisha yake yote. Shingo nitaipiga msasa mpaka iwe laini. Mikono nataka niiache na alama zote za patasi, mshipa juu ya mshipa, ili anayeigusa aukute ukavu ule. Watoto wanaona itaonekana kama kazi haijaisha. Jumamosi wanakuja tuamue, na nimewaomba waje na yule kaka wa meno.